Wafungue kitabu cha sheria kabla ya kumfungulia refa mashitaka

DAKIKA ya 70 na ushee, mechi ya Ligi Kuu. Winga anaingia kwenye boksi, beki anateleza kumfuata, winga yuko chini. Refa anatikisa mikono, hakuna kitu, chezeni. Kwenye televisheni mtangazaji anapandisha sauti, penalti ya wazi hiyo! Linakuja rudio la kwanza, mchambuzi aliyekaa naye anasema hapana, beki kagusa mpira kwanza, safi kabisa. Linakuja la pili, lililopigwa kutoka nyuma ya goli, anageuka: aah, hapa ni kama kamkwatua. La tatu, la taratibu, linafunga kesi. Refa kaboronga, mechi imemshinda.

Hukumu tatu ndani ya nusu dakika, kwa kutumia picha tatu. Refa alikuwa na picha moja, ya kasi ya kawaida, huku anakimbia, na uamuzi wake ulikuwa mmoja. Kesho yake kijiweni anayeitwa kilaza ni yeye.

Matukio ya aina hii yamekuwa ya kila wiki, na watu wameyazoea kiasi kwamba hawaoni tena kilichokosekana. Katika hukumu zote tatu hakuna hata moja iliyotaja sheria. Mchambuzi alitaja anachokiona, akataja anachokihisi, akamtaja refa. Sheria ambayo refa aliapa kuisimamia haikupewa hata sekunde tano.

Chukua hilo la "kagusa mpira kwanza". Ni kauli inayopendwa kuliko zote kwenye uchambuzi wa soka la Tanzania, na kwenye Sheria ya 12, inayohusu faulo na utovu wa nidhamu, kinga ya namna hiyo haimo. Sheria inamtaka refa aangalie namna mchezaji alivyomwendea mwenzake. Alikuwa mzembe? Alikwenda bila kujali hatari anayomletea mpinzani? Au alitumia nguvu kupita kiasi? La kwanza ni faulo bila kadi, la pili lina njano, la tatu lina nyekundu. Beki anaweza kuugusa mpira kwa ncha ya kiatu halafu njumu zote zikaishia kwenye enka ya mwenzake, na akatoka nje kwa kadi nyekundu huku mpira aliougusa ukiwa bado unazunguka. Kuugusa kunaweza kumsaidia refa kupima dhamira na ustadi wa beki, lakini hakumfutii kosa.

Sasa mtu anayelipwa kukaa mbele ya kamera kueleza mpira, akiwa hajui hilo, anaeleza nini?

Mtu anaweza kusema haya ni mambo madogo, mpira ni burudani, waacheni watu wabishane. Ubishani hauna ubaya, soka bila ubishi wa kijiweni ni mazoezi ya viungo tu. Tatizo ni ukubwa wa spika anayotumia mbishi mmoja. Tangu Azam TV ianze kuonyesha Ligi Kuu mwaka 2013, shabiki wa Bukoba anaiona mechi ya Mbeya, na wa Mtwara anaiona ya Mwanza, tena moja kwa moja. Mwaka 2021 TFF na Azam Media wakasaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Fedha hizo zimezipa klabu pumzi, hilo halina mjadala. Lakini pamoja na picha, mkataba umeleta sauti. Kwenye kibanda umiza, ambako watu 80 wamebanana kwenye mabenchi ya mbao na kila mmoja katoa jero yake, sauti hiyo haina mpinzani. Ikisema penalti, ni penalti. Ikisema refa kanunuliwa, hata kwa kuzungukazunguka, watu wanatoka pale wamebeba hilo mpaka nyumbani.

Na refa hana pa kujibia. Kocha ana mkutano na waandishi wa habari, klabu zina maofisa habari wanaoamka na kulala na maikrofoni, mchezaji ana kurasa zake za mitandaoni. Mwamuzi akimaliza dakika 90 anaandika ripoti, anaoga, anapanda basi kurudi kwao. Wengi wao Jumatatu wana kazi nyingine ya kwenda kuwahi, maana urefa hapa nchini haujawa ajira ya kumlisha mtu peke yake. Huyo ndiye anayepigwa spana wiki nzima na watu ambao hawajawahi kushika hata kibendera. Halafu Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, ile maarufu Kamati ya Saa 72, inakaa, na mara nyingine mwamuzi anaondolewa kwenye ratiba kwa mizunguko kadhaa. Kama kakosea kweli, aadhibiwe. Ila kuna tofauti kubwa kati ya refa aliyevunja sheria na refa aliyevunja matarajio ya mchambuzi, na shabiki aliyeko kibandani hasaidiwi kuijua.

Kauli nyingine ni hii ya "mchezaji wa mwisho". Mshambuliaji anaangushwa, nyuma ya beki amebaki kipa tu, basi studio nzima inadai nyekundu kwa sababu alikuwa mtu wa mwisho. Hakuna mchezaji wa mwisho kwenye sheria. Kilichopo ni kumnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga, na refa anatakiwa kupima mambo manne: umbali kutoka tukio lilipotokea hadi golini, mwelekeo wa shambulizi, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na mabeki wengine wako wangapi na wamesimama wapi. Beki anaweza kuwa wa mwisho kabisa, lakini mshambuliaji anakimbilia kwenye kibendera cha kona, na hapo nyekundu haipo. Anaweza asiwe wa mwisho, mwenzake yuko mita tano pembeni lakini hawezi kufika, na nyekundu ikawepo.

Kisha tangu mwaka 2016 kuna jambo la ziada ambalo bado linawashangaza watu miaka yote hii. Kosa hilo likitokea ndani ya boksi, refa akatoa penalti, na beki alikuwa anajaribu kweli kuucheza mpira, kadi ni ya njano. Akivuta jezi, akisukuma, au mpira haukuwa kwenye hesabu zake kabisa, nyekundu inabaki palepale. Ndiyo maana refa anaweza kutoa penalti na njano kwa tukio ambalo nje ya boksi lingekuwa nyekundu. Ni mantiki inayoeleweka ikielezwa, kwamba penalti yenyewe imeirudisha ile nafasi iliyopotezwa. Mtu asiyeambiwa hilo anaona refa kaogopa.

Kwenye kunawa ndiko hali ilivyo mbaya zaidi. Wachambuzi wamegawanyika kambi mbili. Wa kwanza anasema kila mpira ukigusa mkono ni kosa, wa pili anasema kama hakukusudia hakuna kosa, na wote wawili wamekosea. Kukusudia ni kosa, hilo moja. La pili, hata bila kukusudia, kama mkono ulikuwa mahali ambapo umeufanya mwili uwe mkubwa kuliko inavyostahili kwa tendo ambalo mchezaji alikuwa anafanya, ni kosa. La tatu, bao lililofungwa moja kwa moja kwa mkono, au na mchezaji ambaye mpira umetoka kumgusa mkononi hapohapo, linakataliwa hata kama ilikuwa bahati mbaya. Na bega si mkono. Mkono unaanza pale kwapa linapoishia. Nusu ya kelele za kunawa zingekwisha kama kila Jumamosi kabla ya mechi mtu angesimama studio akaonyesha kwa kidole kwapa lake linaishia wapi.

Kuotea nako kuna uchochoro wake. Kila mtu anajua mstari, kila mtu anajua beki wa pili kutoka mwisho. Kinachowachanganya ni pale mpira unapomgusa beki kabla ya kumfikia mshambuliaji aliyekuwa ameotea. Utasikia: "Beki kaugusa, kuotea kumekufa." Si lazima kufe. Sheria inatofautisha beki aliyeucheza mpira mwenyewe kwa kukusudia na beki ambaye mpira umembabatiza tu. Oktoba 10, 2021, fainali ya Nations League kule Milan, Kylian Mbappé aliifungia Ufaransa bao la ushindi dhidi ya Hispania akitokea kwenye eneo la kuotea, na bao likakubaliwa kwa sababu Eric García alijinyoosha kuucheza mpira na akaugusa. Dunia nzima ilipiga kelele. Mwaka uliofuata wenye sheria wakatoa ufafanuzi: refa atazame kama beki alikuwa na muda wa kujipanga, kama aliuona mpira ukitokea mbali, kama ulikuwa na kasi ndogo, kama haukubadili njia ghafla. Beki anayejinyoosha kwa kuvizia hana udhibiti, kwa hiyo kuotea kunabaki hai. Mchambuzi anayeendelea kutumia hoja ya Milan leo anawahukumu waamuzi kwa tafsiri iliyokwishawekwa kando.

Hapo bado kamera yenyewe haijaguswa. Kamera kuu ya matangazo inakaa jukwaani, usawa wa katikati ya uwanja. Tukio likitokea karibu na boksi, inalitazama kwa ubavu, na mchezaji aliye upande wa karibu na kamera na yule aliye upande wa mbali hawawezi kulinganishwa kwa jicho tu. Mshika kibendera amesimama sambamba na beki, anaona mstari ulionyooka. Mchambuzi anasimamisha picha iliyopinda, anachora mstari kwa kidole, anatangaza kwamba kibendera kalala. Tena mara nyingi picha imesimamishwa wakati mpira umekwishaondoka mguuni, wakati kuotea kunapimwa pale mpira unapochezwa. Hatua moja ya straika anayekimbia kwa kasi ni zaidi ya mita.

Hakuna tukio lililoonyesha hitaji la maelezo haya kuliko lile la Pretoria. Ijumaa ya Aprili 5, 2024, Yanga ugenini kwa Mamelodi Sundowns, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya suluhu ya Dar es Salaam. Stephane Aziz Ki akaachia shuti, likagonga mwamba, likadunda chini na kurudi uwanjani. Refa hakutoa bao. Mechi ikaisha bila bao, Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Picha zilizozagaa zilionekana kuipa Yanga haki, na maumivu yale hayajaisha mpaka leo.

Mtazamaji wa usiku ule alihitaji maelezo ya mambo matatu tu. Kwanza, mpira wote lazima uvuke mstari wote. Mpira una kipenyo cha kama sentimita 22, kwa hiyo sehemu inayogusa nyasi inaweza kuwa imeshavuka wakati tumbo la mpira bado linaufunika mstari. Pili, VAR si teknolojia ya mstari wa goli. Hii ya pili ina vifaa vyake maalumu vinavyompigia refa kengele mkononi, na haikuwepo. VAR inategemea kamera zilizopo uwanjani, na kama hakuna iliyokaa sawasawa na mstari, anayeangalia anahukumu kwa picha ya ubavuni kama watu walioko nyumbani. Tatu, VAR inaruhusiwa kugeuza uamuzi pale tu kosa linapokuwa la wazi na dhahiri. Ukishamwambia mtu hayo, anaweza kuendelea kuamini lilikuwa bao, na wengi wataendelea. Lakini atajua swali la kuiuliza CAF: kwa nini hatua ya robo fainali ya mashindano makubwa kuliko yote ya klabu Afrika haikuwa na kifaa hicho? Hilo ni swali zito kuliko "wametuibia", na lina mtu wa kulijibu.

Imani kubwa ambayo Mtanzania anampa mtu wa maikrofoni haikuanzia kwenye king'amuzi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na yake tangu miaka ya 1970. Taifa Stars ilipocheza AFCON yake ya kwanza Lagos mwaka 1980, mpira wa nchi hii ulikuwa unaishi redioni. Msikilizaji alikuwa haoni chochote. Ilibidi aambiwe goli lipi liko kushoto mwa redio yake, nani ana mpira, nani anamfuata, na aamini. Watangazaji wa Radio Tanzania walijenga imani hiyo kwa Kiswahili safi na kwa kuwa na macho mazuri. Mwaka 2025 ukanda huu umewazika wawili wa zama hizo: Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, aliyefariki Februari, na Charles Hilary, aliyefariki Mei baada ya kupita Radio Tanzania, Radio One, BBC na baadaye Azam.

Watangazaji wa runinga wa leo wamerithi imani ile bila kurithi mazingira yake. Mtazamaji sasa anaona kila kitu mwenyewe, kwa hiyo kumwambia "kapiga, kipa kadaka" ni kumpa alichonacho. Vijana wengi wameligundua hilo na wamejitahidi. Kuna wenye vionjo, misemo mipya, majina ya utani ya wachezaji yanayoingia mitaani ndani ya siku mbili, na kwa kweli baadhi yao wanaichangamsha hata mechi iliyolala. Wanaostahili sifa wapewe. Pengo liko kwa yule wa pembeni, mchambuzi, aliyewekwa pale ili aseme kile ambacho picha haisemi. Akikosa la kusema, refa ndiye mtaji wa bure. Kumsagia kunguni refa hakuhitaji maandalizi.

Angalia Novemba 5, 2023. Simba na Yanga zilikwenda mapumziko zikiwa 1-1. Mpaka filimbi ya mwisho ilikuwa 5-1 kwa Yanga, na ndani ya siku chache kocha Robertinho akafungashiwa virago Msimbazi. Mabao manne ya kipindi cha pili katika Dabi ya Kariakoo ni somo la mwezi mzima. Nani aliacha nafasi mbele ya mabeki? Viungo wa Yanga walikuwa wanaupokea mpira wakiwa wameelekea wapi? Gamondi alibadilisha nini mapumziko? Maswali ya namna hii yanahitaji mtu aliyekesha na mkanda wa mechi, na ndiyo maana wengi wanakimbilia penalti na kadi. Ni rahisi, na kiki yake haichelewi.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa tasnia wanaijua ila haisemwi sana hewani. Kiti cha uchambuzi kimekuwa karibu mno na milango ya klabu. Ali Kamwe alikuwa mchambuzi wa Azam TV kabla ya kwenda kuwa ofisa habari wa Yanga mwaka 2022. Ahmed Ally naye alitokea Azam Media kwenda kuisemea Simba mwaka huohuo. Hawana kosa, walipata kazi nzuri na wanaifanya kwa ustadi ambao hata wapinzani wao wanaukubali. Lakini mtazamaji ana haki ya kujiuliza kuhusu anayekaa kwenye kiti kile leo: anamzungumzia refa kama mchambuzi, au kama mtu anayetuma maombi ya kazi? Ongeza na hili, kwamba kampuni inayoonyesha ligi na Azam FC inayocheza ligi hiyohiyo ni watoto wa nyumba moja ya Bakhresa. Hakuna haja ya kumtuhumu mtu yeyote. Katika mazingira kama haya, mchambuzi mwenye akili anajikinga kwa kifungu cha sheria. Akisema "Sheria ya 12 inasema hivi, tukio limekuwa hivi," shabiki wa upande wa pili atanuna, lakini hatakuwa na pa kumshika.

Na mapenzi ya timu si kosa. Gary Neville kacheza Manchester United maisha yake yote ya soka, kila mtu England anajua, na kwenye Sky anaichana United kuliko wengi. Wala kujua kuchambua hakumaanishi kujua kufundisha. Valencia walimpa timu Desemba 2015, mwisho wa Machi alikuwa ameshafukuzwa. Shabiki hakumhitaji awe kocha bora. Alimhitaji aonyeshe kwa nini beki wa kulia amechelewa hatua mbili.

Sky haohao wana kisa kingine ambacho kila mchambuzi wa hapa angepaswa kukijua. Januari 22, 2011, kabla ya mechi ya Wolves na Liverpool, Andy Gray na Richard Keys walinaswa na maikrofoni wasizojua kama ziko wazi wakimkejeli mshika kibendera Sian Massey, kwamba mwanamke hawezi kujua sheria ya kuotea. Mechi ikaanza, Liverpool wakafunga bao lililotokana na mbio za Raul Meireles akiwa sambamba kabisa na mstari. Kibendera cha Massey kikabaki chini, na marudio yakaonyesha yuko sahihi. Ndani ya siku chache Gray kafukuzwa, Keys kajiuzulu. Waliokuwa hawana uhakika wa sheria siku ile walikuwa studio. Hapa Tanzania, ambako Jonesia Rukyaa amewahi kuchezesha mpaka mechi ya Simba na Yanga, kejeli za namna ile bado zinasikika kila mwanamke anapopewa filimbi ya mechi kubwa, na si mashabiki maandazi peke yao wanaozitoa.

Sheria za soka ziko 17 tu. IFAB, chombo kinachozitunga tangu mwaka 1886, kinaziweka bure mtandaoni na kila mwaka kinatangaza mabadiliko. Msimu wa 2025/26 umeleta moja lenye kuonekana kwa macho: kipa akiukumbatia mpira zaidi ya sekunde nane, adhabu ni kona kwa wapinzani, na refa anahesabu tano za mwisho kwa vidole ameinua mkono. Siku refa atakapoitoa kona hiyo dakika ya 88, timu ya nyumbani ikaongoza kwa kichwa kilichotokana nayo, kibanda kizima kitageukia kwenye skrini kusubiri maelezo. Mtu wa studio akiwa hajasoma, kitakachofuata ni viti kurushwa.

Dawa haina gharama kubwa. Uingereza, BT Sport walimweka Peter Walton, refa mstaafu, na Sky wakamchukua Mike Dean alipotundika filimbi. Tanzania ina waamuzi wastaafu waliowahi kuvaa beji ya FIFA, na wengine wao ni wakufunzi wa kozi za waamuzi. Mmoja akae studio siku ya mechi, dakika tatu za mapumziko na tatu baada ya filimbi, aeleze tukio moja tu kwa namba ya sheria. Aseme pia pale refa alipokosea, maana refa akikosea kwa mujibu wa sheria lawama inaeleweka, na hata mwenyewe anajifunza. Na mchambuzi aliyetangaza penalti Jumamosi, halafu ikaonekana haikuwa, apewe dakika yake Jumatatu airekebishe kwa sauti ileile aliyoitumia kupaza.

Bodi ya Ligi nayo ina kipande chake. Taarifa zake za adhabu zimezoea kumalizana na mwamuzi kwa mstari mmoja, kwamba ameshindwa kutafsiri sheria. Ipi? Dakika ya ngapi? Ilipaswa kutafsiriwaje? Taarifa ikitaja tukio, dakika na namba ya sheria, mwamuzi aliyeko Songea au Kigoma atajua asirudie nini, na mchambuzi wa Jumatatu atakuwa na pa kuanzia.